Dozi ya Saa Nane

Nyumbani kwa kina Tabea, Sokon One jijini Arusha, dawa ilitangulia chai. Saa kumi na mbili asubuhi mama alifungua kabati kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akatoa chupa, akavuta dawa kwa bomba dogo la plastiki lisilo na sindano, akampa Tabea. Dawa ile ilikuwa chungu kupita kiasi, kwa hiyo Tabea aliimimina kwenye kikombe kidogo chenye juisi ya pesheni, akaipeleka chumbani na kumsaidia baba kuketi mpaka aimalize yote. Kisha alichukua daftari lililokuwa kando ya kitanda, akaweka alama ya vema mbele ya saa ile.

Saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku. Mara tano kila siku bila kuruka. Ndivyo alivyowaelekeza Nesi Hedwiga, muuguzi wa huduma ya majumbani, aliyekuja kila Jumanne. Tabea akiwa shuleni kazi ilikuwa ya mama, lakini alfajiri na jioni ilikuwa yake. Majirani walimtania wakimwita daktari, naye hakukataa cheo hicho. Kwa msichana wa darasa la sita, kilikuwa kikubwa kuliko ukiranja.

Baba yake, Gerson, alikuwa dereva wa watalii. Kwa miaka kumi na saba aliwapeleka wageni wa kila taifa kuwaona wanyama. Angeweza kukuambia kwamba twiga, pamoja na shingo yake yote ile, ana mifupa saba tu shingoni, sawa na wewe unayesoma hapa. Lakini watoto wake mwenyewe hawakuwahi kuvuka lango la hifadhi hata moja, ingawa Mlima Meru waliuona kila asubuhi wakipiga mswaki uani. Msimu wa wageni ulikuwa msimu wa kazi, na msimu ukiisha gari lilikwenda gereji. Kila Tabea alipouliza, baba alijibu, "Mwakani." Kinyozi hajinyoi.

Halafu baba akaanza kukonda. Macho yakawa ya manjano, tumbo likawa linamuuma mpaka anashindwa kulala. Walizunguka hospitali moja baada ya nyingine, na mwisho baba akarudi nyumbani na ile dawa chungu. Tabea na mdogo wake Allen, mwenye miaka sita, waliambiwa kwamba baba anaumwa tumbo na kwamba atapona akila vizuri. Tabea aliamini bila shaka yoyote, kwa kuwa aliyemwambia hivyo ni baba mwenyewe.

Siku moja alikuja Navdeep, Singasinga mwenye gereji iliyotengeneza magari ya baba tangu Tabea hajazaliwa. Watoto walimwita Anko. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamwuliza rafiki yake anatamani nini, akitegemea kusikia labda papai au supu. Baba alisema anatamani kumpeleka mke wake na watoto wake Momella, kwenye hifadhi iliyo chini ya Mlima Meru, siku mbili tu, yeye akiwa ndiye mwongozaji wao.

Navdeep alikuna ndevu zake, akasema gari analo, vibali atashughulikia yeye, na usukani atashika yeye vilevile, mradi Gerson asimkosoe akiingiza gia. Baba alicheka mpaka akashika tumbo. Nesi Hedwiga naye alikubali. Alitaka kiti kiwekwe mito, simu iwe na chaji, na dawa itolewe kwa saa zake.

Safari ilikuwa Ijumaa. Alhamisi jioni Tabea alitumwa gengeni kununua vitunguu. Mbele yake walisimama wanawake wawili wa mtaani, wakizungumza bila kugeuka nyuma. Mmoja alikuwa akieleza kwamba dawa anayokunywa baba Tabea ni ya wale ambao hospitali imeshawakatia tamaa. Mtu akishaianza, alisema, kazi yake ni kulala, analala na kulala mpaka siku asiyoamka.

Tabea alirudi nyumbani bila vitunguu. Mama alipomwuliza, alisema vimekwisha. Alitamani kumwuliza mama kama maneno yale ni ya kweli, lakini aliogopa jibu, kwa hiyo akakaa nalo swali lake tumboni kama mtu aliyemeza kokwa.

Ijumaa walipanda hadi kijiji cha Nkoaranga kwa baba mkubwa Elirehema, kaka yake baba, ambaye nyumba yake iko katikati ya kahawa na migomba. Baba alilala njia nzima. Walipofika alikula vijiko viwili vya loshoro, kile chakula cha mahindi na maziwa ya mgando alichokipenda tangu utoto, akalala tena. Tabea alikaa mlangoni akimtazama. Kwa kila pumzi ya usingizi ule aliitia hatiani ile dawa.

Jumamosi asubuhi baba aliamka mtu mwingine. Alivaa kofia yake ya kazi, akawekwa kiti cha mbele juu ya mito mitatu, akageuka nyuma na kuwasalimu rasmi. "Karibuni sana. Mimi naitwa Gerson, nitakuwa mwongozaji wenu. Dereva wetu ni mgeni kidogo kwenye kazi hii, mtamvumilia." Navdeep alijibu kwamba abiria wa mbele akizidi maneno atahamishiwa kwenye buti. Mama, ambaye Tabea hakuwa amemsikia akicheka kwa miezi, alicheka hadi akafuta macho kwa khanga.

Waliwaona twiga kwenye uwanda wa nyasi karibu na lango la hifadhi, na mbega weusi wenye mikia mirefu myeupe wakirukaruka msituni. Allen alitaka kujua kama mbega wanaoga. Baba alijibu kila swali kwa umakini uleule aliokuwa akiwajibia maprofesa. Saa nne mama alimpa dozi yake, na haukupita muda mrefu akasinzia. Nyati walivuka barabara, kundi zima na ndama wao, na baba hakuwaona. Allen alimtikisa bega akinung'unika. Mama alimzuia. Moyoni Tabea alikuwa ameshaamua.

Mchana walisimama kula mahali palipotengwa, juu ya mwinuko, Ziwa Momella likionekana chini. Baba aliamka, akaonyesha kwa kidole ukingo wa mbali uliokuwa na rangi ya waridi. Alisema wale ni ndege waitwao heroe, maelfu kwa maelfu, na wakimaliza kula watawafuata pale pale walipo. Alisema hilo ndilo alilotaka kuwaonyesha kuliko vyote.

Saa nane ilipofika, Allen alikuwa amejimwagia mchuzi kifuani na mama alikuwa akihangaika naye. Alivuta dawa, akampa Tabea lile bomba dogo, akarudi kwa Allen. Tabea alizunguka nyuma ya gari. Alitazama dawa, akatazama ule ukingo wa waridi, akaminya bomba kwenye nyasi. Kisha alimimina juisi tupu kikombeni, akampelekea baba, akaweka alama ya vema kwenye daftari.

Baba alikunywa, akalamba midomo. "Leo haina uchungu," alisema. "Labda ni hewa ya huku."

Mwanzoni mambo yalikwenda kama Tabea alivyotaka, hata akajiona mwerevu. Baba hakulala. Walishuka hadi karibu na maji, Navdeep akazima gari, na baba akaeleza jinsi heroe anavyozaliwa akiwa wa kijivu, kisha akapata rangi yake kwa vijidudu na vijimea anavyokula kwenye maji ya magadi. Alieleza kwamba hula kichwa chini, mdomo juu. Allen akajaribu kula ndizi kwa namna hiyo, na ndizi ikaishia shingoni. Tabea alimsogelea baba kwa nyuma, akaweka kidevu chake juu ya kiti chake, akasikiliza.

Katikati ya sentensi baba akanyamaza. Mkono wake ulishika dashibodi, vidole vikawa vyeupe. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso ingawa upepo wa ziwani ulikuwa wa baridi. Alijaribu kuendelea kuhusu mayai ya heroe, akashindwa, akajikunja, na kutoka kifuani mwake ikatoka sauti ambayo Tabea hakuijua. Hakujua kwamba mtu mzima, tena baba yake, angeweza kulia hivyo.

Mama alifungua daftari haraka. Saa nane kulikuwa na alama. Alimpigia simu Nesi Hedwiga, akaweka spika ili Navdeep naye asikie. Nesi aliuliza kama dozi zote zimetolewa. Mama alisema zote, hata ya saa nane, imeandikwa hapa.

"Basi Mama Tabea, ugonjwa umeizidi dawa," alisema nesi. "Mleteni hospitali sasa hivi. Itabidi tumwongezee dozi, na sidhani kama ataweza kurudi huko."

Navdeep aliwasha gari. Baba alitikisa kichwa kwamba hapana, lakini hakuwa na nguvu ya kubishana. Allen alianza kulia kwa sauti. Na Tabea akakaa pale, akiwa ndiye mtu pekee duniani aliyejua kwamba ugonjwa haujaizidi dawa, bali dawa iko kwenye nyasi kule juu.

Akinyamaza, hakuna atakayejua. Watasema ni ugonjwa. Lakini baba atapelekwa hospitali, safari aliyoitamani itaishia hapa, na atapewa dawa nyingi kuliko anayohitaji, na yote hayo kwa sababu ya alama moja ya kalamu. Njia ya mwongo ni fupi. Ya Tabea ilianzia penye chakula na kuishia ziwani, hata kilomita tatu haikufika.

"Mama, sikumpa," alisema. "Niliimwaga."

Navdeep alizima gari. Mama alimtazama mwanawe kwa namna ambayo Tabea angeona afadhali kofi. Lakini nesi alikuwa bado kwenye simu, na sauti yake ndiyo iliyotangulia, tulivu kabisa, akiuliza, "Tabea, umesema hukumpa kabisa? Hata nusu?"

"Hata tone."

"Vizuri umesema. Mama Tabea, mpe dozi ya saa nane sasa hivi, ileile ya kawaida. Usimpe mara mbili ili kufidia. Inayofuata mpe baada ya muda wa saa nne kuanzia sasa. Nipigie baada ya nusu saa."

Mama alipima dawa, na safari hii alimshikisha Tabea kikombe mbele ya macho yake. Baba alikunywa kidogo kidogo, meno yakigongana na kikombe. Ile nusu saa ilikuwa ndefu kuliko mtihani wowote. Navdeep alimchukua Allen nje akamwonyesha nyayo za ndege matopeni. Mama alimfuta baba jasho. Tabea alishika mkono wa baba, na kila baba alipoubana kwa maumivu, alijua ni yeye aliyeyaleta. Aliona aibu, na aliona huruma, na hakujua ipi inamliza.

Polepole ule mkono ukalegea. Baba alivuta pumzi ndefu ya kwanza, kisha ya pili. Mama alipompigia nesi, sauti ya baba ilikuwa imerudi. Nesi alisema wanaweza kubaki, mradi saa zifuatwe. Aliomba azungumze na Tabea, akamweleza kwamba dawa ile ni morfini, kazi yake ni kuondoa maumivu, na ikitolewa kwa kipimo na kwa saa haimfupishii mgonjwa maisha. Usingizi wa baba, alisema, sehemu ni dawa na sehemu kubwa ni mwili uliochoka, na mwili uliochoka una haki ya kulala.

Simu ilipokatika, baba alimwuliza Tabea kwa nini alifanya vile. Hakuuliza kwa hasira. Tabea akasema yote: gengeni, wale wanawake, nyati waliopita, na kwamba aliona bora baba awe macho kuliko alale asiamke. Alikiri mpaka vile vitunguu.

"Baba, utapona?"

Mama aliinamisha uso. Baba alimvuta karibu.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Nina saratani ya ini. Madaktari wamefanya waliloweza. Sitapona."

Tabea alikuwa ameshalijua jibu hilo bila kuambiwa, lakini kulisikia kwa sauti ya baba ni jambo jingine. Alilala kifuani pake, na baba akamwacha alie bila kumwambia anyamaze. Mama naye alilia. Nje, Navdeep aliwaona kupitia kioo, akamwongoza Allen hatua chache mbali zaidi.

Walipotulia, baba alizungumza taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache.

"Miaka kumi na saba sijamwahidi mgeni chui hata siku moja. Dereva anayeijua kazi hasemi leo mtaona chui. Husema twende tukaangalie. Anayeahidi asichokuwa na uwezo nacho anajiharibia kazi, na mgeni hamwamini tena hata akimwonyesha twiga. Lakini wewe mwanangu nilikuahidi kupona. Nilijua ni uongo, nikaona ni upendo. Ndiyo maana ulipopata swali hukuliuliza nyumbani, ukaenda na jibu la gengeni. Hilo ni kosa letu, mimi na mama yako. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

Mama aliitikia kwa kichwa.

"Sasa lako," aliendelea baba. "Kumwaga dawa ulikosea, lakini ulikosea kwa kutojua. Ile alama ya vema uliweka ukijua. Nesi yuko mbali, hanioni, macho yake ni daftari lile. Ukiandika uongo pale umemfunga macho anayenitibu, na anayeumia ni mimi. Ukikosea, sema mapema, hata kama unatetemeka. Ulichosema leo kwenye simu kimeniokoa na maumivu, na mimi nakushukuru."

Tabea aliomba msamaha kwa baba, kisha kwa mama. Mama alimpokea begani. Alimwambia kazi ya dawa bado ni yake akiitaka, ila kuanzia leo, akiwa na swali, alilete kwake kwanza, hata likiwa la kutisha namna gani. Tabea alisema anaitaka.

Kabla ya kuondoka ziwani, heroe walipaa wote kwa pamoja bila sababu iliyoonekana, wakazunguka juu ya maji, wakatua palepale walipokuwa. Baba aliwaona wakipaa, lakini kabla hawajatua alikuwa ameshalala. Allen alinyoosha mkono kumwamsha. Tabea aliushika ule mkono, akamwambia amwache baba apumzike, akamweleza yeye mwenyewe habari ya mayai yaliyokuwa yamekatizwa, kwa kadiri alivyojua, na pale asipojua akasema hajui.

Jumapili waliondoka Nkoaranga baada ya chakula. Baba mkubwa Elirehema aliwafungia mkungu wa ndizi, Navdeep akapanga mito. Baba alikuwa ameketi kizingitini akisubiri, Meru ikiwa wazi kabisa nyuma ya migomba. Allen alikuja mbio, viatu vikiwa havijafungwa, akauliza kama likizo ijayo watarudi, na kama baba atawapandisha mpaka kileleni.

Mama alifungua mdomo, na Tabea alijua alichotaka kusema, kwa sababu ndicho walichozoea kusema. Lakini mama aliufunga tena, akamtazama baba.

Baba alimvuta Allen katikati ya magoti yake. Alimwambia kwamba watarudi, yeye na dada yake na mama, na Anko atawaendesha. Yeye hatakuwepo. Ugonjwa wake ni wa aina isiyopona, na siku moja utamfanya afe, na hilo si kosa la Allen wala la mtu yeyote.

"Siku gani?" aliuliza Allen.

"Sijui. Hata daktari hajui."

Allen alifikiri, uso umekunjamana. "Lakini leo upo?"

"Leo nipo."

Allen akaona hilo linatosha kwa sasa. Akanyoosha mguu ili afungwe kamba za viatu. Baba aliinama kwa shida, vidole vikitetemeka, na Tabea akapiga hatua kwenda kumsaidia, ila mama akamzuia kwa mkono. Wakasimama wote wawili wakitazama. Baba alifunga kiatu cha kwanza, akapumzika, akafunga na cha pili.